Tusiuze Likizo, Tujifunze Kutulia



Kila mwaka ufikapo mwezi wa kumi na moja, ofisi ya tawi letu hapa Mombasa hujaa watu wanaotaka barua. Barua yenyewe ni fupi. Yamwomba tajiri azinunue siku za likizo za mfanya kazi fulani, mtu huyo asiende popote, aendelee na kazi yake, na fedha za siku hizo atiliwe katika mshahara wa Desemba. Barua hizo tumeziandika kwa mikono yetu miaka mingi na kuzipiga muhuri wa chama. Sababu tunazopewa ni zile zile: karo ya Januari, deni la dukani, mabati ya nyumba ya mama. Hajapata kuja mtu kutuomba barua kwa ajili ya anasa. Na sisi hatukuona ubaya wowote, maana tulidhani kazi ya chama ni kumsaidia mwanachama apate fedha.

Leo twataka kukiri kwamba tulikosea.

Mwaka uliopita alifika ndugu mmoja, mpakiaji wa mizigo, mtu mwenye nguvu na heshima katika zamu yake. Alituambia kwa fahari kwamba ana miaka sita hajachukua likizo hata siku moja, na kila mwaka ameuza zote. Tukamkalisha kwenye benchi tukaanza kupiga taipu barua yake. Kabla hatujaimaliza, na barua yenyewe ni mistari minane tu, alikuwa amekwisha lala pale pale alipokaa, kichwa ukutani, mdomo wazi, saa nne ya asubuhi. Tukamwamsha tukampa barua yake. Alipokwisha toka tulitazamana, na hakuna aliyesema neno kwa muda.

Ndipo tukakisoma upya kifungu cha sheria ambacho tulidhani twakijua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 28, yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo ana haki ya kupumzika siku za kazi zisizopungua 21, kwa mshahara kamili. Yasema pia kwamba likizo yaweza kugawanywa kwa mapatano, lakini fungu moja, isipokuwa mapatano yaseme vingine, liwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatwa, na fungu hilo lichukuliwe ndani ya mwaka ule ule. Fedha za likizo zinatajwa pale mtu anapoachana na kazi: kwa aliyefanya miezi miwili au zaidi, siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Walioandika kifungu hiki walijua kwamba mtu hapumziki kwa siku mbili za hapa na tatu za pale. Sisi ndio tuliosahau.

Tena wazee wetu wanakumbuka hadithi za wakati wa ukoloni. Afisa wa serikali aliyetoka Uingereza, akimaliza kipindi chake cha miaka miwili au mitatu, alikuwa akipanda meli hapa hapa Kilindini kwenda kwao kwa likizo ya miezi kadha, na nauli kulipiwa. Vijana waliombebea masanduku mpaka melini hawakupata kumsikia akiomba auze miezi ile abaki. Mabwana wale walikuwa na makosa mengi, lakini hesabu ya miili yao wenyewe waliijua vizuri.

Basi sisi wanne wa kamati ya tawi, wanaume watatu na dada mmoja wa upande wa makarani, tukaona haya kuwahubiria watu jambo tusilolitenda. Tukachukua wiki zetu mbili zisizokatwa. Mmoja wetu ana shangazi yake Lamu, mtaa wa Langoni, mwenye nyumba yenye nafasi juu. Kwa hiyo tukaenda Lamu. Twaeleza hilo la shangazi ili mtu asidhani kwamba fedha za chama zimetumika. Nauli tulijilipia, na chakula tulichanga.

Basi lilipita Malindi, Garsen na Witu, likatufikisha Mokowe. Barabara siku hizi ni ya lami, lakini vituo vya kukaguliwa bado vipo, na kila abiria wa njia ile anakumbuka mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014. Kutoka Mokowe ni mashua, na ukishuka katika gati la Lamu kwanza unatafuta kitu kinachokosekana, hujui ni nini, mpaka ukumbuke kwamba hakuna matatu. Njia za mji wa kale ni nyembamba, kuta mbili za mawe na punda katikati. Mji huo uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na mtu akitembea ndani yake aweza kusikia viatu vyake mwenyewe. Pikipiki zimeanza kuonekana pembeni, nazo tulizisikia, na tulizichukia kama kwamba si sisi tunaozipanda Mombasa kila siku.

Twataka kusema ukweli juu ya siku zile za kwanza, maana ndizo zenye faida kwa msomaji. Hatukuweza kutulia. Saa kumi za alfajiri sote tulikuwa macho, tumekaa vitandani, tukingojea king'ora ambacho hakiko. Tulikula haraka kama watu wa zamu, tukamaliza, tukabaki kutazama sahani. Siku ya pili mmoja wetu alikwenda gatini, akakuta wachukuzi wanashusha mifuko ya saruji kuipakia juu ya punda, akaanza kuwaonyesha namna ya kupanga mifuko ili kazi iende upesi. Walimwangalia tu. Kisha mzee mmoja akamwuliza kwa upole, "Bwana, weye kazi hii umepewa ni nani?" Mwenzetu akarudi nyumbani kimya, na mpaka leo hapendi tumkumbushe.

Siku ya tatu ikaja simu. Mnyapara wa mmoja wetu alitaka kujua ufunguo wa ghala dogo uliwekwa wapi. Jambo la dakika moja, lakini mwenzetu alishinda juu ya dari asubuhi nzima akieleza habari za ufunguo, halafu za daftari, halafu za mtu aliyegombana na mtu. Alasiri mnyapara alipiga tena. Dada yetu akaichukua ile simu ikiwa bado inalia, akaitia ndani ya mtungi mtupu wa shangazi na kuufunika kwa kata. Ililia humo mara tatu. Ilikuwa sauti ya ajabu. Ghala halikuanguka, na ufunguo, tulikuja kuambiwa, ulikuwa mfukoni mwa mnyapara mwenyewe.

Lakini aliyetufundisha hasa ni nahodha mmoja. Tulitaka kwenda Faza, katika kisiwa cha Pate. Mashua za upande huo hupita mlango wa maji uitwao Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, njia ya ndani kwa ndani yenye mikoko pande zote, na maji yakipwa, chombo kilichojaa watu hakipiti. Tulifika gatini mapema kama tulivyozoea, tukaingia, tukakaa. Tukauliza, "Nahodha, twaondoka saa ngapi?" Akajibu kwa neno moja la Kiamu, "Mai." Yaani maji. Tukauliza tena, kwa adabu lakini kwa ukali kidogo, maji yatafika saa ngapi. Akaangalia nguzo ya gati, pale penye alama ya chaza, akasema, "Bado, wanangu," akajilaza juu ya tanga.

Saa ya kwanza tulikasirika. Twasema hivi bila kujificha. Tulisema maneno ambayo matajiri hutusema sisi: kwamba watu hawa ni wavivu, hawajali wakati, hawataendelea. Fikirini, ndugu, watu wa chama cha wafanya kazi kutamka maneno hayo! Lakini kila mtu wa pwani ajua, na sisi tulikuwa tumesahau kwa kukaa chini ya taa za bandarini, kwamba maji kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Leo yakijaa saa nne, kesho ni karibu saa tano. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji huja kwa nguvu na kupwa mbali. Wakati wa maji mafu hupanda kidogo tu. Hakuna mnyapara awezaye kuyapigia king'ora. Nahodha yule hakuwa mvivu. Tulikuja kujua kwamba usiku alikuwa amevuka na mizigo, na saa zile mbili alizolala juu ya tanga ni sehemu ya kazi yake, sawasawa na kushika usukani.

Saa ya pili likatokea jambo ambalo ni gumu kulieleza katika karatasi ya chama. Hasira iliisha, na hapakuwa na kitu kingine cha kushika nafasi yake. Tulikaa tu. Upande wa pwani fundi alikuwa akitia kalafati katika jahazi lililolazwa ubavu, akishindilia pamba katika nyufa, na nyundo yake ilikuwa ikigonga, ikanyamaza, ikagonga. Mama mmoja alikuwa akimnyonyesha mtoto. Mwenzetu yule wa mifuko ya saruji alianza kusimulia habari za marehemu baba yake, ambaye tumefanya naye kazi miaka kumi na moja bila kujua kwamba baba yake alikuwa baharia. Hatukuwa tumemwuliza. Bandarini tunasemezana kwa kupiga kelele, tena juu ya kazi tu. Kisha mashua ikatingishika kidogo, nahodha akafumbua macho bila kuamshwa, na tukaenda.

Wazee wa Lamu walitueleza kwamba zamani mji mzima uliishi hivi kwa mwaka. Majahazi ya Arabuni yalikuja na Kaskazi na kungojea Kusi kurudi, na mabaharia walikaa miezi. Wakati Kusi kali ilipovuma, vyombo vilipandishwa pwani, vikaparurwa, vikapakwa mafuta, na watu wakakaa madakani penye viti vya mawe, wakacheza bao, wakanywa kahawa. Kwa hiyo utulivu ule ambao wageni hulipa fedha nyingi kuja kuuonja ulianza kama kawaida ya watu wa kazi, na ulipangwa na pepo za baharini, si na tajiri wa hoteli.

Na hapa lazima tuseme jambo lisilopendeza, maana tusingelisema tungekuwa tumekwenda Lamu kama watalii tu. Huo utulivu wa leo wafanywa na mikono ya watu. Jioni tulitembea mpaka Shela, penye machungu yale ya mchanga, tukaona nyumba nzuri nyeupe zenye bustani na maji baridi. Wanaofagia, wanaopika, wanaofua mashuka na wanaochota mchanga ni vijana wa Lamu na wengine waliotoka bara. Tukaongea nao baada ya kazi. Masika yakiingia, mwezi wa nne mpaka wa sita, nyumba nyingi za wageni hufungwa, na wengi wao huambiwa waende makwao mpaka waitwe. Hawapewi mshahara siku hizo. Mmoja alituambia akicheka, "Sisi likizo yetu ni ndefu kuliko yenu." Tukacheka naye, kisha tukaona haya. Kukaa bure bila kujua chakula cha kesho kitatoka wapi si likizo. Mtu huyo hatulii. Yeye ameachwa tu. Watu hawa walipata pigo mwaka 2011 wageni walipotekwa, wakapata jingine mwaka 2014, na jingine mwaka 2020 kwa ugonjwa wa korona, na kila mara utulivu wa Lamu ulizidi na masufuria yakawa matupu.

Tuliwaeleza kifungu cha 37 cha sheria ile ile: kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au anayepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Akitimiza miezi miwili tangu aajiriwe, ana haki zote ambazo angekuwa nazo kama asingalikuwa kibarua, na likizo imo. Wengi hawakupata kulisikia hilo. Katika mji huo punda wana hospitali yao, nayo twaisifu kwa moyo mweupe, maana punda akiwa na jeraha mgongoni kuna mtu wa kumwambia mwenye punda ampumzishe. Dada yetu aliuliza kama sisi tukikonda kuna anayemwambia tajiri. Hiyo ni kazi yetu sisi wa chama, na hatukuifanya.

Sasa twajua watakavyotujibu wengi wenu. Mtasema: nyinyi wa kamati mmekwenda kula samaki Lamu, mmerudi kutwambia tusiuze likizo, na mtoto wangu amerudishwa shule kwa karo. Neno hili ni la haki na hatulipuuzi. Lakini tulipige hesabu pamoja. Watu 14 wa zamu moja wakiuza siku zao 21, jumla ni siku 294. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa mwaka mzima, akishatolewa siku zake za Jumapili, sikukuu na likizo. Maana yake katika kila watu 14 waliouza, kuna kijana mmoja aliyekaa nyumbani ambaye angeitwa kushika nafasi zao. Kijana huyo twamjua, ni mtoto wetu, yule tuliyemlipia karo kwa fedha za likizo, akamaliza shule na sasa hana kazi. Tena, tunapokwenda kwenye majadiliano ya mishahara, tajiri huwa na karatasi mbele yake yenye fedha zote alizotulipa, na za likizo zimo ndani. Husema, "Watu wenu wanapata kiasi hiki." Tunakuwa tumeziba upungufu wa mshahara kwa miili yetu, na upungufu hauonekani.

Na wengine watasema, mimi nikienda likizo sitapumzika, kwetu ni chumba kimoja na watu saba. Wanawake watasema zaidi. Dada yetu alitueleza kwamba siku zile za Lamu zilikuwa za kwanza tangu aolewe ambazo likizo yake haikuwa kupikia wageni wa mumewe. Na hata pale Langoni, tusijisifu, siku mbili za kwanza yeye ndiye aliyekuwa akiosha vyombo, mpaka shangazi alipotusema sisi wanaume kwa maneno ambayo hatutayaandika. Hatusemi kwamba kila mtu aende Lamu. Aende kwao Taita, au Kilifi, au akae Changamwe hapo hapo, lakini azime simu, na alale, na asijitafutie kibarua kingine wiki ile ile. Jambo hilo ni la kujifunza. Sisi lilituchukua siku nne, na wanne wote ni watu wazima.

Wafanya kazi wa Ufaransa walipogoma mwaka 1936 na kupata wiki mbili za likizo zenye malipo, ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao. Serikali iliwapunguzia nauli za gari la moshi, na watu waliokuwa wamezeeka viwandani wakaona bahari kwa macho yao. Mwaka 2017 watu wa nchi hiyo hiyo walipata sheria nyingine, ya kuzitaka kampuni kubwa zijadiliane na wafanya kazi juu ya haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua za kazi baada ya saa za kazi na wakati wa likizo. Sisi bahari tunayo mlangoni. Hilo la simu twaweza kuliomba.

Na Lamu yenyewe haitabaki ilivyo. Pale Kililana gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mahakama Kuu ilikuwa imeamua mwaka 2018 kwamba wavuvi waliopoteza sehemu zao za kuvulia walipwe fidia. Sisi tunaoishi kwa bandari hatuwezi kusema bandari isijengwe, ingekuwa unafiki. Lakini king'ora kikianza kulia huko kwa nguvu, watoto wa manahodha wataingia zamu kama sisi. Twataka mapatano yao ya kwanza yawe na wiki mbili zisizokatwa, nyapara asipige simu ndani yake, na nauli ya likizo itolewe kabla mtu hajaondoka, si baada ya kurudi. Haya matatu ndiyo tutakayoyapeleka kwa ajili yetu pia katika majadiliano yajayo, wanachama wakikubali.

Kwa upande wa ofisi, tumeamua kwamba tangu sasa mpaka mkutano mkuu wa tawi hatutaandika barua ya kuuza likizo. Mwenye shida ya karo aje tuzungumze habari ya mkopo katika chama cha akiba, na tutamwandikia barua ya hiyo. Ndugu yule aliyelala kwenye benchi alikuja juma lililopita kutaka barua yake ya kila mwaka. Tulimkatalia, akakasirika sana, akasema tumekuwa mabwana wakubwa kwa sababu tumeona Lamu, na kwamba atasimama mkutanoni atupinge mbele ya watu wote. Tumemwandika katika orodha ya wasemaji. Ni wa kwanza.